Visa ya Masomo Ikiharibika Marekani, Ukaazi wa Kudumu Bado Upo?

Ndugu zangu, mmeniuliza kama kijana aliyekuja Marekani kusoma, karo ikamshinda akaacha chuo, bado anaweza kupata ukaazi wa kudumu. Anaweza, ila inategemea alifanya nini baada ya hapo.

Mwanafunzi wa visa ya F-1 anayesoma shahada ya kwanza hutakiwa kwa kawaida kuchukua angalau krediti 12 kila muhula. Akipunguza bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, chuo huiarifu serikali kupitia SEVIS, mfumo wake wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na uhalali wake hukatika hata kama visa iliyobandikwa kwenye pasipoti haijaisha muda. Hapo wengi huanza kubeba boksi, yaani kufanya vibarua, bila kibali cha kazi, na hilo ni kosa la pili. Hata hivyo, akifunga ndoa ya kweli na raia wa Marekani, naye aliingia nchini kihalali, makosa hayo mawili hayamzuii kuomba ukaazi akiwa huku huku. Anayeombewa na mwajiri husamehewa ikiwa siku za makosa, tangu alipoingia kihalali mara ya mwisho, hazizidi 180.

Kinachoniumiza zaidi ni fomu ya I-9, ambayo kila mwajiriwa hujaza anapoanza kazi. Kijana anayetaka zamu haraka katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa kushauriwa na wenzake, hutia alama kwenye kisanduku cha raia wa Marekani. Kwa sheria ya mwaka 1996, alama hiyo moja inaweza kumfungia ukaazi maisha yake yote. Ndoa haiifuti, na msamaha karibu haupo. Vivyo hivyo, anayeshawishiwa kujilipua, yaani kuomba ukimbizi kwa mkasa wa kubuni, akibainika hujifungia njia zote nyingine. Wanaowapa vijana ushauri huu wanawaangamiza.

Lipo pia suala la kusafiri. Siku zinazohesabiwa kuwa za ukaaji haramu, ambazo kwa mwanafunzi si lazima zianze siku aliyoacha chuo, zikizidi 180 kisha akatoka nchini, huzuiwa kurudi kwa miaka 3. Zikifika mwaka mmoja au zaidi, kwa miaka 10. Kwa hiyo msiba ukitokea, nawaomba msimshinikize kijana wenu apande ndege kuja kuzika kabla wakili wa uhamiaji hajazipitia karatasi zake, wala msimwite mtoto aliyesahau kwao.