Mwanangu, kuhusu lile swali la mastaa kupotea

Mwanangu,
Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Umeuliza kwanini mastaa wa sa hivi wanavuma miezi mitatu halafu kimya, na je ukiweka nyimbo zako mtandaoni na wewe si utapotea hivohivo.

Unakumbuka kile kibanda chetu cha kaseti Majengo? Ulikuwa unakaa juu ya kreti la soda, unazungusha kwa kalamu ya biki tepu iliyoliwa na redio. Hapo ndo tuliuza Maria Salome ya Saida Karoli, miaka ya 2001 hivi, Kihaya sijui hata neno lakini mtaa mzima ulikuwa chambua kama karanga. Sasa biashara ya kaseti ilikuwa hivi, mtu ananunua mara moja anaipiga mpaka inakwaruza, msanii haongezewi hata mia, na mzigo ukiisha dukani redio nazo zikahamia kwa mwingine basi jina linazima, hata kama watu bado wanaupenda wimbo. Iliniuma sana. Halafu 2016 Diamond na Rayvanny wakaurudia upya, wadogo zako wakanijia mbio baba ule wa mwanzo ni upi, mimi kaseti sina tena, wakaukuta YouTube hapohapo!

Yaani siku hizi hakuna mzigo kuisha. Shida ni kwamba wimbo wako unapangwa pamoja na nyimbo za dunia nzima, na unalipwa kwa kusikilizwa. Spotify walivofika kwetu 2021 kila mtu akafurahi, ila kule mtu asipofika sekunde 30 haihesabiwi, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Ndo maana vijana wanafyatua nyimbo kila wiki, wanakata utangulizi, wanakimbizana na wiki ya kwanza, mi naona hapo ndo wanapojimaliza maana wimbo wa haraka hivo mwakani nani ataurudia.

Ule ulionitumia Pasaka, wa bibi yako, mama yako anaupiga kila asubuhi akikanda chapati, na haumchoshi. Anza na huo. Kausajili COSOTA kwanza, ile ofisi ya hakimiliki. Na ule mwanzo wa zeze la babu, najua wamekwambia ni mrefu, usiukate mwanangu, uache kama ulivyo.

Baba yako