Barua kwa mwanangu: jaza sehemu ile ya fomu

Igoma, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako kutoka Sengerema zimetufika, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama ujaze sehemu ya ulemavu katika fomu za chuo na za mkopo, au unyamaze usije ukaonekana mzigo kabla hata hujaingia darasani. Jaza, tena kwa ukamilifu. Nitakueleza sababu, maana najua "baba kasema" haitakuridhisha.

Tangu darasa la kwanza hujawahi kuomba msaada wa uoni wako hafifu kwa kinywa chako mwenyewe. Walimu walikufahamu, wakakuweka dawati la mbele, wakakutolea nakala za maandishi makubwa. Na ulipofika mtihani wa Taifa, mkuu wa shule ndiye aliyepeleka taarifa zako Baraza la Mitihani wakati wa usajili, ukaletewa karatasi yenye herufi kubwa pamoja na ile nyongeza ya muda, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Yote uliyakuta yamepangwa. Chuoni mambo hayaendi hivyo. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu ukumbini hawezi kujua kwamba yule aliyeinama safu ya tano haoni kilichoandikwa ubaoni, wala faili lako la sekondari halimfikii. Msaada upo, lakini unamsubiri anayeuomba, na kuomba kunaanzia kwenye fomu hiyo unayoiogopa.

Kuhusu kuwa mzigo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakupa haki ya elimu sawa na wengine, na mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inataja waziwazi elimu ya juu. Muda wa nyongeza nao haukuongezei hata alama moja. Nimesimamia mitihani miaka mingi, na sijamwona aliyefaulu kwa sababu tu ya kukaa chumbani muda mrefu kuliko wenzake.

Sasa tuje kwenye vielelezo. Bodi ya Mikopo hutaka fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Hiyo ni saini na muhuri, haitatusumbua. Ya kushughulikia hasa ni barua ya kliniki ya macho ya hospitali ya Bugando. Barua inayosema tu kwamba una uoni hafifu haimsaidii mtu, kwa sababu atakayeipokea hatajua afanye nini nayo. Mwombe daktari aandike unachoweza na unachoshindwa: kwamba unasoma herufi za pointi 18 na kuendelea, za wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa, kwamba mwanga wa dirishani ukikupiga usoni huoni hata kilicho mezani, kwamba macho yako huchoka mapema, ndiyo maana unahitaji muda zaidi katika mtihani. Nitakusindikiza, lakini nitabaki kwenye benchi la nje. Mazungumzo hayo ni yako, kwani chuoni utayarudia kwa mshauri wa wanafunzi na kwa wahadhiri, na mimi sitakuwepo.

Si lazima kila mmoja wao ajue jina la ugonjwa wako. Wanatakiwa kujua unachohitaji: utumiwe slaidi kabla ya kipindi, uruhusiwe kupiga picha ubao kwa simu, upewe karatasi ya mtihani yenye herufi kubwa. Ukishawaambia, waandikie pia, kwa kuwa maneno ya mlangoni husahaulika. Fanya hivyo wiki za mwanzo, usingoje ratiba ya mitihani itoke.

Kabla hujachagua chuo, piga simu uulize wanawahudumiaje wenye uoni hafifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitengo kinachohudumia wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Hapa Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), pale Malimbe, nako uliza maswali yaleyale. Mama yako anaipendelea Malimbe, ingawa sababu zake si za kitaaluma.

Wakati unasubiri majibu, jizoeze programu ya NVDA kwenye kompyuta ya shangazi yako. Ni ya bure, husoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini, na mwanzoni inachosha masikio; heri uizoee sasa kuliko kuhangaika nayo ukiwa na kazi ya kukusanya kesho yake.

Njoo Jumapili jioni ulale hapa, ili Jumatatu tuwahi foleni ya Bugando. Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea kusubiri kivuko, kwa hiyo huna kisingizio. Beba kadi yako ya kliniki, picha za pasipoti, na mojawapo ya karatasi za majaribio ulizokuwa ukizisoma bila shida, daktari aone ukubwa wa herufi zake.

Ni mimi baba yako.