Unasihi Kambini Bila Shahada

Mwalimu mmoja wa Arusha ameniandikia kwamba amepata kazi ya unasihi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, lakini anasita kwa kuwa hana shahada ya saikolojia. Hofu hiyo naifahamu. Nami nilitoka Moshi kwenda huko nikiwa na cheti cha ualimu tu, na mkubwa wangu wa kazi aliniita "mwalimu wa kuruka kamba" mbele ya wenzangu. Neno hilo bado linanikera.

Laiti angesoma utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika hapahapa Moshi na Bungoma, Kenya. Ulihusu watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, wenye dalili za kiwewe baada ya kufiwa na wazazi. Wanasihi wasio wataalamu wa afya ya akili, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu, waliwapa baadhi yao tiba ya mazungumzo, na tiba ilipomalizika, katika maeneo matatu kati ya manne (mjini na vijijini katika kila nchi), hao walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma za kawaida. Walikuwa yatima, si wakimbizi, lakini hoja ya shahada imejibiwa.

Mimi nilifundishwa tiba ya masimulizi. Kamba hutandazwa sakafuni kuwakilisha maisha tangu kuzaliwa. Mtoto huweka ua palipomfurahisha na jiwe palipomuumiza, kisha katika vikao vinavyofuata husimulia kila jiwe kwa mpangilio, alichoona, alichosikia na mwili ulivyotetemeka, hadi akilini tukio libaki kuwa la wakati ule na mahali pale. Mvulana mmoja kutoka Kivu alilifunika jiwe lake kubwa kwa kiganja, akanyamaza. Sikumlazimisha. Kikao kilichofuata alianza na ua, mbuzi wa bibi yake aliyezaa mapacha, na baadaye akaliendea jiwe mwenyewe. Msimamizi wangu alinipongeza mbele ya mkubwa yuleyule, na sifichi kwamba nilifurahi.

Basi, mwalimu, usimwambie mtoto asahau, wala usimharakishe. Narudia, usimharakishe. Waelezeni walezi kwamba anayeshtuka usingizini au kukojoa kitandani hachapwi. Anayezungumzia kujidhuru apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Na kabla ya kusaini mkataba, uliza nani atakusimamia kila wiki. Wakikujibu kwamba utajisimamia mwenyewe, baki Arusha.