Usianze na roboti: hadithi za kesho za wenyeji wa asili darasani Tanga

Mleta mada, umeuliza kama hadithi za wakati ujao zinazoandikwa na wenyeji wa asili wa Amerika zitawaingia wanafunzi wetu wa sekondari, au ziko mbali nao mno. Nimezifundisha hapa Tanga, kidato cha tano, kipindi cha fasihi. Zinaingia, ila usianze na roboti.

Mara ya kwanza niliwaambia tu waandike hadithi ya mwaka 2100. Nikapata vyombo vya anga na miji ya vioo, na hakuna hata mmoja aliyemtia bibi yake ndani. Iliniuma. Watoto wa mkoa mmoja na Shaaban Robert, aliyeiweka nchi nzima angani katika Kusadikika mwaka 1951, walidhani kesho ni ya watu wengine.

Mwaka uliofuata niliwasimulia riwaya ya Waubgeshig Rice, Mwanishinaabe (mmoja wa wenyeji wa asili) wa Kanada, Moon of the Crusted Snow ya 2018. (Nakala hatukuwa nazo, na naamini kusimuliwa kuliwafaa zaidi.) Kijiji cha kaskazini: umeme unakatika, simu zinakufa, chakula cha dukani hakiji tena, na baridi ndiyo inaingia. Wanategemea uwindaji na umoja wao. Bibi mmoja mle haoni kwamba huu ndio mwisho wa dunia. Dunia ya watu wake ilishavunjwa na wageni zamani, na bado wapo.

Nikauliza: umeme ukizimika Tanga moja kwa moja, nani atatulisha?

Darasa likachemka. Mmoja akasema babu yake hutazama mwezi tu akajua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Mwingine, wa Tongoni, akaandika mji ambao mikoko ndiyo huamua nani ajenge ufukweni. Binti mmoja akamfanya msimulizi silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wetu hapa wamemnasa mara nyingi. Insha ile niliisoma mara tatu. Profesa Grace Dillon, aliyelipa jina tapo hili la hadithi za kesho za wenyeji wa asili, hutumia neno la Kianishinaabe, biskaabiiyang, yaani kuzirudia nafsi zetu. Niliwaandikia ubaoni baada ya insha, si kabla.

Tahadhari moja: mizimu. Kijana alitaka kuandika habari za mapango ya Amboni, kunakofanywa matambiko. Nilimtuma kwa wazee kwanza. Mengine walimruhusu, mengine wakamkatalia, na katika hadithi yake mhusika anafika mlangoni mwa pango, anavua viatu, anarudi.