Diski Mbili, Kitambulisho Kimoja

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kisauni, Mombasa. Nilinakili diski kuukuu ya mteja kwenye diski mpya kwa amri ya dd, kisha nikasakinisha Linux kwenye ile mpya. Nilifomati sehemu ya mfumo tu, nikaiacha sehemu ya home, inayotunza mafaili ya mtumiaji, ilivyo ili mafaili yake yasipotee. Diski zote mbili zikiwa zimechomekwa, faili lililohifadhiwa jana leo halionekani, na keshokutwa hurudi. Je, nimeuziwa diski mbovu?

JIBU: Ndugu fundi, diski yako ni nzima. Amri ya dd hunakili kila baiti, pamoja na UUID, yaani kile kitambulisho cha biti 128 kinachoandikwa kwa tarakimu 32 za heksadesimali. Sehemu uliyoifomati ilipata kitambulisho kipya, lakini home haikuguswa, kwa hiyo sasa ziko mbili zenye kitambulisho kimoja. Faili la /etc/fstab huutaka mfumo upachike home (yaani uiunganishe ili itumike) kwa UUID hiyo, nao hupachika yoyote kati ya hizo mbili, leo hii, kesho ile. Ndiyo maana mafaili ya mteja yametawanyika kwenye diski zote mbili, na jambo hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko hitilafu yenyewe, kwa hiyo usifute chochote.

Zima kompyuta, chomoa diski kuukuu, kisha iwashe kwa flashi ya usakinishaji. Tazama kwa lsblk -f sehemu ya home inaitwaje. Tuseme ni /dev/sda3 na ni ya ext4, mmoja wa mifumo ya kupanga mafaili kwenye Linux. Ikiwa haijapachikwa, ikague kwa e2fsck -f /dev/sda3, halafu toa amri ya tune2fs -U random /dev/sda3. Soma kitambulisho kipya kwa blkid, ukiandike mahali pa kile cha zamani katika fstab iliyomo kwenye diski mpya, si ile ya flashi. Kama ingekuwa XFS, mfumo mwingine wa mafaili, ungetumia xfs_admin -U generate. Nakala mbili za Btrfs, nao ni mfumo wa mafaili vilevile, zenye kitambulisho kimoja zisiwe kamwe pamoja kwenye kompyuta inayofanya kazi, kwa sababu data inaweza kuharibika.

Baada ya hapo irudishe diski kuukuu, uipachike kwa kusoma tu, ulinganishe mafaili na kuhamisha yaliyoandikwa huko, mteja akiwa ameketi kando yako, kwani yeye ndiye anayejua lipi ni la karibuni.