Draivu tupu nne kwenye kompyuta: mimi nilizificha, nikazifichua

Mkuu, umeuliza kwa nini desktopu uliyonunua inaonyesha Removable Disk nne, E mpaka H, wakati hujachomeka kitu, na ukibonyeza yoyote unaambiwa uingize diski. Wadau wengi wamekujibu kwa neno moja: zifiche. Na mimi nilizificha. Miezi michache baadaye nikazirudisha mwenyewe, baada ya kupoteza mteja.

Kwanza ondoa hofu, si kirusi. Tazama mbele ya kasha la kompyuta utaona kisomea kadi chenye matundu ya maumbo tofauti: la SD, la CompactFlash, la Memory Stick na mengine ya kadi ambazo siku hizi huzioni hata dukani. Windows inalihesabu kila tundu kuwa draivu kamili na kulipa herufi yake, hata kama halijawahi kuonja kadi tangu litoke kiwandani. A na B ziliachiwa disketi (vijana wa sasa wanaijua kama kile kialama cha kusevu tu), C ni diski yako, D mara nyingi ni ya DVD. Matundu yakishachukua E, F, G na H, flashi ya mteja inaenda kukaa I.

Nina steshenari karibu na chuo, Morogoro. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa kama yako, imetumika. Kijana wangu wa kazi akipewa flashi alikuwa anaanza msako: anabonyeza E, "Please insert a disk", anafunga, anabonyeza F, yale yale, anafunga. Foleni imesimama, mtu anataka kuprinti kurasa tatu tu za CV awahi basi. Siku moja nikachoka, nikafungua File Explorer, nikaingia View, halafu Options, halafu kichupo cha View, nikatia tiki kwenye "Hide empty drives" (ficha draivu tupu). Kwenye Windows 11 hiyo Options iko ndani ya vidoti vitatu vya juu. Zote nne zikapotea. Nikajiona fundi.

Tangu Windows 7 tiki hiyo huja imewekwa tayari. Kwa hiyo kama kwako zinaonekana, kuna uwezekano aliyeimiliki mashine kabla yako aliitoa, na huenda alikuwa na sababu kama yangu.

Akaja mpiga picha wa harusi na kadi ya SD. Nikachomeka, kimya. Nikachomoa, nikarudisha, kimya. Hakuna herufi, hakuna ujumbe, hakuna chochote. Nikamwambia kwa kujiamini, "Kaka, kadi yako imekufa." Jamaa alitoka jasho, picha za watu ziko humo. Akaenda duka la jirani, kadi ikafunguka mara moja, akaprintisha albamu nzima huko huko. Kwangu hakurudi tena, na simlaumu.

Jioni nikatoa ile tiki. Nikachomeka kadi yangu mwenyewe kwenye tundu lile lile: herufi F ipo, nikibonyeza naambiwa niingize diski. Yaani kisomea kilikuwa hai, kompyuta inakiona vizuri, ila tundu lilijaa vumbi na halikuwa likiigusa kadi sawasawa. Nikalipuliza na kulisafisha taratibu kwa brashi laini, likasoma. Laiti herufi ingekuwepo mbele ya macho yangu mchana ule, nisingeitangazia kadi ya watu kifo.

Hilo ndilo tatizo la kuficha. Windows inaficha draivu ikiambiwa na kifaa kwamba ndani hamna kitu, na haijui kama hamna kweli au kifaa kimeshindwa kusoma. Flashi inayoelekea kufa nayo hufanya hivyo hivyo: taa inawaka, kompyuta inapiga mlio wake, lakini chipu ya kumbukumbu haijibu, kwa hiyo inahesabiwa kuwa tupu na kufichwa. Kukiwa wazi, unajua pa kuanzia. Herufi ipo ila unaombwa diski, tatizo liko kwenye kadi, kwenye tundu, au ndani ya flashi. Herufi haipo kabisa, hangaika na tundu la USB, waya, draiva (programu inayokiendesha kifaa), au mgongano wa herufi. Huo wa mwisho ulinitesa sana enzi za Windows XP: flashi mpya ilikuwa inapewa herufi ambayo tayari ina folda ya mtandao, haionekani, na mwenye flashi anadhani ameuziwa kimeo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuzihamisha. Bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc, Enter, itafunguka Disk Management, utahitaji akaunti ya admini. Chini utaona zile nne zimeandikwa No Media, yaani hamna kadi. Bonyeza kulia kwenye moja, chagua "Change Drive Letter and Paths", kisha Change, ipe W. Zinazofuata X, Y na Z. Sasa matundu yako yako mkiani, yanaonekana ila hayamkwazi mtu, na flashi mpya inaingia E. Flashi ambazo mashine inazikumbuka zinaweza kung'ang'ania herufi zao za zamani, zivumilie. Tundu ambalo una hakika hutalitumia maishani unaweza kulinyang'anya herufi kabisa kwa Remove, hapo hapo. C usiiguse.

Anayetumia Total Commander, programu ya kupangia mafaili badala ya File Explorer, anaweza kutaja herufi anazotaka zionekane kwa mstari wa AllowedDrives kwenye faili la wincmd.ini. Mimi niliujaribu nikauacha, kwa sababu flashi ikipewa herufi usiyoiandika, umerudi kwenye giza lile lile. Wa Linux hawana kesi hii, programu zao za mafaili kwa kawaida hazionyeshi tundu mpaka liwe na kadi.

Kuna mdau ameandika kwamba flashi yake inafunguka ila ni tupu, na mwingine akamwambia aformati, yaani aifute yote na kuianza upya. Ndugu, usiformati! Huo ni utupu wa aina nyingine. Bonyeza kulia kwenye draivu, ingia Properties, uangalie nafasi iliyotumika. Ikisema GB 5 zimetumika na wewe huoni kitu, mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa na kile kirusi cha shortcut kinachozunguka kwenye steshenari zetu, na yangu iliwahi kuwa nacho. Pitisha antivirusi kwanza, kisha fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako. Mara nyingi utakuta kila kitu kimesukumwa kwenye folda isiyo na jina. Na kama kompyuta yenyewe ndiyo inakuomba uformati kabla ya kutumia, bonyeza Cancel, ujaribu kwanza TestDisk au PhotoRec, programu za kuokoa mafaili, ni za bure. Faili unazoziokoa zisevu kwenye diski nyingine, si kwenye flashi hiyo hiyo.

Mkuu mwenye swali, ukifungua Disk Management ukakuta hata moja kati ya hizo nne haijaandikwa No Media, usibadili kitu. Piga picha ya skrini uitupie hapa tuione kwanza.