Mafua Yetu, Kifua cha Sokwe

Kiangazi kile sokwe wa Gombe, hifadhi iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, Kigoma, walipoanza kukohoa, sisi wahamasishaji wa vijiji vya jirani tulipewa vijisenti vya kuelimisha watu. Nikashauri nusu tuchapishe mabango. Wiki haijaisha nikanunua maandazi kijijini Mwamgongo, yakafungwa kwenye bango letu, sokwe kalowa mafuta hadi masikioni.

Ukikabidhiwa kazi kama hii na bajeti ya kuungaunga, tafuta kwanza mdomo unaosikilizwa. Kwetu walikuwa manahodha wa boti za Kibirizi, ufukwe wa Kigoma zinakoanzia safari. Abiria akishakaa botini hana pa kukimbilia, na nahodha akisema mwenye mafua asiingie msituni, neno lake lina uzito kuliko langu mimi mwenye fulana ya mradi.

Halafu tazama mwezi. Mkutano wa kwanza tuliuitisha wakati wa giza, wakaja wazee saba na mbwa. Wavuvi wa dagaa usiku wako ziwani na taa zao, mchana wamelala. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa akanicheka: “Mwanangu, si ungengoja mbalamwezi?” Kweli, mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, wanaume wanashinda nyumbani, na muda wa kubishana wanao.

Walibisha hasa. “Nyani na sokwe ndio wanatuletea maradhi, leo mnasema sisi ndio tunawaambukiza?” Maelezo ya virusi hayakusaidia kitu. Kilichosaidia ni habari ya mwaka 1966, polio inayoaminika kutoka kwa watu ilipowapata sokwe wa Gombe, wengine wakapooza, na mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wenzake wakawapa chanjo ndani ya ndizi. Watu wakacheka, kisha mzee mmoja akauliza kwa nini mafua yasitibiwe kwa ndizi vilevile. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza: kwetu ni kamasi za siku tatu, kwa sokwe yanaweza kuwa nimonia ya kuua.

Tulikuwa na makatazo manane. Tukabakiza matatu: ukiwa na mafua usiingie msituni, ukikutana na sokwe kaa mbali, angalau mita 10, ukikuta mzoga usiuguse, mwite askari wa hifadhi.

La kwanza ndilo lililotushinda, na mabango yasingelitibu. Vibarua wa kubeba mizigo walikuwa wakitafuna tangawizi alfajiri ili wasikohoe mbele ya msimamizi, maana kukohoa ni kurudishwa, na kurudishwa ni kukosa posho. Ningekuwa mimi ningetafuna pia. Fedha zilizobaki tukaziweka kando: anayejitokeza kusema anaumwa analipwa nusu siku na kurudi nyumbani. Nilijua tutadanganywa, na mara mbili tulidanganywa kweli. Lakini wiki ya pili kijana mmoja alinifuata ufukweni kabla jua halijachomoza, akasimama mbali, akaniambia, “Kaka, leo usinipange. Nimeamka na kifua.”